Anayehojiwa Naye Asikie Majibu

Mwaka 1983 Penina Mlama alikamilisha tasnifu yake ya udaktari katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Aliandika juu ya sanaa za maonyesho za Wakaguru, watu wa kwao upande wa Kilosa, na namna ngoma na hadithi zilivyokuwa shule kabla ya shule. Wapenzi wa tamthilia walikwishamfahamu kwa jina la Penina Muhando, mwandishi wa Hatia na Nguzo Mama. Kisichosimuliwa sana ni kwamba wakati uleule wa kuhitimisha tasnifu, yeye na wenzake wa idara ya sanaa, akiwamo Amandina Lihamba, walikuwa wakisafiri hadi Malya, wilayani Kwimba, kufanya kazi ambayo kwa kawaida mtahini wa udaktari haiulizii.

Hawakwenda Malya na mchezo uliokwisha kuandikwa. Walikaa na wanakijiji, hasa vijana, wakauliza ni jambo gani linalowasumbua, wakalichambua pamoja nao, kisha vijana wenyewe wakalitungia maigizo na ngoma wanazozifahamu. Onyesho lilipokwisha watu walibaki uwanjani, na hapo ndipo mjadala ulipoanza. Baadhi ya yale waliyojifunza huko na katika vijiji vingine yaliingia katika kitabu cha Mlama cha mwaka 1991, kilichochapishwa Uppsala, Sweden. Mwaka 1996 mbinu hiyohiyo ikazaa TUSEME, mradi ambamo wasichana wa sekondari huchunguza wenyewe vikwazo vya masomo yao, kisha wakaviigiza mbele ya walimu na wazazi. Kupitia FAWE, shirika la wanawake waelimishaji Afrika ambalo Mlama alikuja kuliongoza, TUSEME ilienea katika nchi nyingi za bara hili.

Nimeanza na habari hii kwa sababu kuna aina ya ufadhili iliyoshika mizizi Marekani katika miongo miwili iliyopita, ambayo kwa sehemu kubwa inajaribu kumpa mwanafunzi wa udaktari nafasi ya kufanya kile kilichofanyika Malya. Wenyewe wanakiita usomi wa umma. Mwanafunzi halipiwi ili ahitimu upesi. Analipiwa ili sehemu ya utafiti wake ifanyike pamoja na watu walio nje ya chuo, na matunda yake wayapate wao pia.

Mfano ninaouona umefikiriwa vizuri zaidi uko Seattle, katika Kituo cha Simpson cha taaluma za binadamu, Chuo Kikuu cha Washington. Pale mwanafunzi wa historia, fasihi au anthropolojia anaweza kusomea cheti cha usomi wa umma huku akiendelea na udaktari wake. Hafanyi mtihani wa kuandika. Anashika mradi mmoja na watu wa nje, labda makumbusho, labda chama cha wakazi wa mtaa, labda shule, naye hujenga jalada la kazi: alichokipanga, kilichokwama, walichomwambia wale aliofanya nao kazi, na namna hayo yote yalivyobadilisha utafiti wake. Anao mshauri wa jalada hilo, mbali na msimamizi wa tasnifu.

Kuanzia mwaka 2015, kwa fedha za Mfuko wa Andrew W. Mellon, kituo hicho kilianza kuwapeleka wanafunzi wa udaktari katika vyuo vya miaka miwili vya jiji la Seattle. Vyuo hivyo hupokea karibu kila anayebisha hodi: mfanyakazi wa hoteli anayesoma usiku, mama aliyerudi darasani baada ya kulea, mhamiaji kutoka Ethiopia au Somalia anayeanza upya. Mwanafunzi wa udaktari aliunganishwa na mwalimu wa chuo kimoja, akamfuata darasani na kwenye vikao, akaona mtu anavyofundisha falsafa au historia kwa watu ambao baada ya kipindi wanakimbilia zamu ya kazi. Hili lina uzito kuliko linavyoonekana. Wengi wanaohitimu udaktari wamefundwa kuzungumza na wenzao wachache wa fani, na hakuna aliyewahi kuwakalisha mbele ya mtu mwenye akili timamu asiyejua wala kujali istilahi zao.

Mtandao mwingine, Imagining America, ulianzishwa mwaka 1999 kwa ushirikiano wa Chuo Kikuu cha Michigan na Ikulu ya Marekani, mkurugenzi wake wa kwanza akiwa Julie Ellison. Baadaye ulihamia Syracuse, na mwaka 2017 ukahamia Chuo Kikuu cha California, Davis. Ufadhili wake kwa wanafunzi wa uzamili na uzamivu, unaojulikana kwa kifupi PAGE, hauna fedha nyingi za kujivunia. Kinachopatikana ni wenzako. Mwanafunzi aliyedhani yuko peke yake, anayeambiwa idarani kwake kwamba anapoteza muda na mambo ya mitaani, anakutana na wengine wa vyuo vingine, wanakaa mwaka mzima wakisomeana kazi na kushauriana. Waliopita katika kundi hilo ndio huja kuliongoza.

Watu wa mtandao huohuo walitoa ripoti mwaka 2008, iliyoandikwa na Ellison na Timothy Eatman, na ndani yake naona kiini cha jambo lote. Walisema chuo kikihubiri kuwatumikia wananchi huku kanuni zake za kupandisha vyeo zikihesabu makala za majarida peke yake, wahadhiri vijana watafuata kanuni na kuyaacha mahubiri. Walipendekeza kamati za vyeo zijifunze kuipima kazi ya hadharani kwa vigezo vikali vilevile: ina hoja gani, imethibitishwa vipi, nani ameikagua, imebadilisha nini.

Huku kwetu Afrika Mashariki kanuni hizo zinambana mtu mapema zaidi. Miongozo ya Tume ya Elimu ya Vyuo Vikuu ya Kenya ya mwaka 2014 ilimtaka mtahiniwa wa udaktari awe amechapisha makala mbili katika majarida yanayokaguliwa na wataalamu. Sina ugomvi na makala mbili. Ukaguzi wa wataalamu ndio unaotuepusha na mengi ya ovyo. Lakini mwanafunzi akishajua ni nini kinachohesabiwa, miezi yake yote itakwenda huko, na akirudi kijijini kueleza alichokigundua itakuwa kwa hisani yake na kwa nauli ya mfuko wake.

Tazama jinsi utafiti unavyoingia kijijini Tanzania. Mwanafunzi hupata kibali, cha chuo chake au cha Tume ya Sayansi na Teknolojia, COSTECH. Barua inakwenda kwa katibu tawala wa mkoa, inashuka wilayani, inafika kwa mtendaji wa kata, kisha kwa mtendaji wa kijiji, naye anamtuma mwenyekiti wa kitongoji ampeleke mgeni nyumba kwa nyumba. Kenya njia ni hiyo kwa majina mengine: kibali cha NACOSTI, kamishna wa kaunti, hadi kwa chifu. Mwisho wa safari ile yuko mama aliyekaa mkekani, sufuria iko motoni, anajibu hojaji ya kurasa kumi kuhusu watoto aliowazaa na waliofariki, shamba lake, deni lake, ndoa yake. Ametia saini fomu ya ridhaa inayomwambia kwamba utafiti huu utawanufaisha watu kama yeye.

Majibu hayana njia kama hiyo ya kushukia. Nakala ya tasnifu itakwenda maktaba, ripoti itakwenda Tume, makala itakwenda kwenye jarida ambalo hata mhadhiri wa chuo cha mkoani hana fedha za kulisoma. Nayo itakuwa kwa Kiingereza, isipokuwa mwandishi awe wa Taasisi ya Taaluma za Kiswahili au idara ya namna hiyo. Mama yule alihojiwa kwa Kiswahili, au kwa Kigogo na mkalimani pembeni. Maneno yake yalitafsiriwa ili yaingie katika tasnifu. Hakuna anayelipwa kuyarudisha.

Ipo pia hasara ya kitaaluma, ambayo wasimamizi wengi hawaitazami vya kutosha. Mtafiti asiyerudi hakosolewi na wale aliowachunguza. Ameandika kwamba wakulima wa kata fulani wanakataa mbegu mpya kwa sababu ya mila. Angesimama mbele yao na kuisoma sentensi hiyo, pengine wangemwambia kwamba mbegu inafika dukani mvua zikiwa zimekwisha kuanza. Watahini watatu hawawezi kuliona kosa hilo, maana hawajawahi kulima pale. Kwa hiyo ninaposikia mtu akisema usomi wa umma ni kushusha kiwango cha taaluma, namwona amegeuza mambo. Ni ukaguzi mwingine, wa watu wanaoyajua mambo kwa kuyaishi.

Kwa Tanzania uwanja wa ukaguzi huo uko tayari kisheria. Sheria ya serikali za mitaa ya mwaka 1982 inautambua mkutano mkuu wa kijiji, wa wakazi wote wenye umri wa miaka 18 na zaidi, na utaratibu ni kwamba ukutane kila baada ya miezi mitatu. Ajenda zake ni mapato na matumizi, ardhi, shule, zahanati. Tasnifu iliyochunguza zahanati ya kijiji hicho ina haki ya dakika 40 pale. Mjini ziko nafasi nyingine. Mabibo, Dar es Salaam, TGNP, shirika linalotetea usawa wa jinsia, imekuwa kwa miaka mingi ikiendesha semina za Jumatano, wazi kwa yeyote, kwa Kiswahili, na nimeshangaa mara nyingi kwa nini vyuo havifanyi kuwasilisha kazi pale kuwe sehemu ya mafunzo ya uzamivu. Kigoda cha Mwalimu Nyerere pale Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kilichoanzishwa mwaka 2008 na kushikwa kwanza na Profesa Issa Shivji, kilionyesha kwamba ukumbi wa chuo unaweza kujaa wakulima, wanafunzi na wanaharakati pamoja, wakajadili ardhi na umajumui wa Afrika.

Afrika Mashariki tunao ufadhili mzuri wa udaktari, na lazima niutaje kwa heshima. CARTA, muungano ulioanza mwaka 2008 chini ya kituo cha utafiti cha APHRC, Nairobi, na Chuo Kikuu cha Witwatersrand, umewapitisha zaidi ya wasomi 200 wa afya ya jamii, wakiwamo wa Makerere, Moi, Nairobi, Dar es Salaam na Rwanda. Unawachukua walio tayari waajiriwa wa vyuo vyao, ili wakihitimu wabaki. Unawakutanisha katika semina ndefu za pamoja, nne kwa safari nzima ya udaktari, na unawafundisha kuwaeleza watunga sera matokeo yao. Ni kazi kubwa. Hata hivyo, umma unaofikiriwa katika mafunzo mengi ya namna hii ni waziri, mkurugenzi na mfadhili. Mtu aliyetoa jibu anabaki kuwa chanzo cha data.

Kazi ya hadharani ina hatari pia, na mwanafunzi apewe habari zake mapema. Ngũgĩ wa Thiong'o na Ngũgĩ wa Mirii walikuwa watu wa Chuo Kikuu cha Nairobi walipoandaa mchezo na wakulima na vibarua wa Kamiriithu, Limuru, mwaka 1977. Serikali iliuzuia mchezo, na tarehe 31 Desemba Ngũgĩ wa Thiong'o akakamatwa na kuwekwa kizuizini bila mashtaka. Karibu zaidi na leo, marekebisho ya Sheria ya Takwimu ya Tanzania ya mwaka 2018 yaliwatia watafiti hofu ya kutangaza takwimu zinazopishana na za serikali, hadi sheria ilipolegezwa mwaka uliofuata. Mwanafunzi wa udaktari ndiye mnyonge kuliko wote katika hali hiyo: hana cheo, hana mkataba, ana ada. Ufadhili unaompeleka hadharani bila chuo kusimama nyuma yake kwa maandishi unamtoa kafara.

Fedha zinazohitajika kwa kazi hii si nyingi. Anayefanya utafiti Kilombero anahitaji nauli ya kurudi, posho ya mkalimani, kurasa chache zilizochapwa kwa Kiswahili kinachosomeka, betri za kipaza sauti, na miezi mitatu au minne ambayo idara haitampangia vipindi vya kufundisha. Miezi hiyo isisubiri mwisho. Sehemu yake ije kabla hojaji haijafungwa, wakati swali la utafiti bado linaweza kubadilishwa na mtu wa Mang'ula aliyelisikia na kulikataa. Sura moja ya tasnifu ieleze kilichotokea katika vikao hivyo, na mtahini aipime kama anavyoipima sura ya mbinu.

Tanzania ina mfuko wa kitaifa wa sayansi na teknolojia chini ya COSTECH. Kenya ina Mfuko wa Taifa wa Utafiti, uliotokana na sheria ya mwaka 2013, ambao umekwishafadhili wanafunzi wa uzamili na uzamivu. Fomu za maombi ya fedha huwa na safu ya usafiri wa kukusanya data, safu ya vifaa, safu ya makongamano. Ninachowaomba wanaosimamia mifuko hii miwili ni kwamba katika awamu ijayo waongeze safu ya kurudi kwa waliohojiwa, waitengee kiasi chake, na wasilipe fungu la mwisho kabla ya kuona muhtasari wa kikao hicho uliotiwa saini na mtendaji wa kijiji au chifu.