Idadi ya Atomi si Idadi ya Mikono

Katika somo la kemia yapo maelezo mawili yanayowatatiza wanafunzi wengi wa sekondari, na wazazi wengi hushindwa kuwasaidia. La kwanza hutaja idadi ya atomi zilizomo katika molekuli. La pili ni valensi, yaani uwezo wa atomi moja kuungana na nyingine. Yote mawili huhesabiwa moja, mbili, tatu, na hapo ndipo utata unapozaliwa.

Tuifananishe valensi na mikono. Atomi ya haidrojeni ina mkono mmoja, oksijeni miwili, naitrojeni mitatu. Hata hivyo, molekuli ya kila moja ya gesi hizo ina atomi mbili. Kwa hiyo haidrojeni ni gesi ya atomi mbili yenye valensi moja. Naitrojeni ni gesi ya atomi mbili yenye valensi tatu. Agoni hukaa atomi mojamoja, na valensi yake ni sifuri.

Hata mabingwa waliwahi kukosea hesabu ya atomi. Mwaka 1808, John Dalton wa Uingereza aliyachora maji kuwa ni atomi moja ya haidrojeni na moja ya oksijeni. Mwaka 1811, Amedeo Avogadro wa Italia alieleza kwamba molekuli za gesi hizo hugawanyika zinapoungana, na kwamba maji yana haidrojeni mbili. Wengi hawakumsikiliza hadi baada ya mkutano wa Karlsruhe, Ujerumani, mwaka 1860.

Ndugu msomaji, hesabu hii imo hata jikoni mwako. Mkaa ukiwaka penye hewa tele hutoa hasa kaboni dioksidi, yenye atomi mbili za oksijeni, gesi ileile tunayoitoa tunapopumua. Hewa ikipungua, mkaa hutoa kwa wingi kaboni monoksidi, yenye atomi moja tu ya oksijeni. Gesi hii haina rangi wala harufu, nayo hung'ang'ania damu mara zaidi ya 200 kuliko oksijeni. Humuua mtu usingizini.

Basi mtoto akileta daftari lake, muulize maswali mawili: molekuli hii ina atomi ngapi? Kila atomi ina mikono mingapi? Na kabla ya kulala, jiko la mkaa litolewe nje.