Je, Wajua? Kabati la Vinyago vya Udongo

Je, wajua kwamba vinyago vya udongo vilivyotumika kuwafunda vijana jandoni na unyagoni, vikiwemo vya Wasambaa na Wazigua, vilikusanywa na Hans Cory, aliyechapisha kitabu chake African Figurines mwaka 1956?

Kwa anayehifadhi vinyago vya namna hiyo Vugiri, kwenye ukungu wa milima ya Usambara, unyevu ndio adui mkubwa. Udongo usiochomwa hunyonya maji, ukalainika, kisha ukikauka hupasuka. Mara nyingi shingo na mikono ndiyo hukatika kwanza. Chagua kabati la kioo lenye milango inayobana vizuri, na ndani weka vipakiti vya silika jeli, vile vinavyokuja na viatu vipya. Vikishiba unyevu, vibadilishe. Kabati lisiegemee ukuta wa nje, kwa kuwa baridi ya ukuta huleta umande. Taa ya LED inafaa kuliko balbu ya zamani inayochemka. Vumbi lipanguse kwa brashi laini kavu. Kitambaa chenye maji kitafuta hata alama za vidole vya mfinyanzi, nazo, kwangu mimi, ndizo zenye thamani kuliko zote.