Mtoto na ndege wa vuli: Macho yafanye kazi, manati yabaki nyumbani

Saa kumi na mbili na nusu asubuhi mwezi Oktoba, mabonde ya Ngara huwa bado yamefunikwa na ukungu. Kabla mtu hajaona chochote, huwasikia kwarara wakipita juu ya migomba kwa kelele zao za kukwaruza, ambazo huamsha watoto haraka kuliko sauti ya mama. Kwa watoto wengi wa Ngara na Biharamulo, ndege ni saa ya kuamkia. Kwa baadhi ya wavulana, ni shabaha ya manati.

Lipo jambo la tatu ambalo familia inaweza kufanya na ndege hao bila kutoa hata shilingi: kutembea saa moja au mbili kuwatazama. Lakini tangu mwanzoni mwa 2025, mzazi wa eneo hili ana sababu ya kusita kabla ya kumruhusu mtoto aende kichakani.

Popo si ndege

Januari 20, 2025, Rais Samia Suluhu Hassan alitangaza mlipuko wa ugonjwa wa Marburg wilayani Biharamulo. Hadi mlipuko huo unatangazwa kwisha, Machi 13, wagonjwa wawili walikuwa wamethibitishwa na wengine wanane kuhesabiwa kuwa huenda waliugua. Wote 10 walifariki dunia. Miaka miwili nyuma, Machi 2023, ugonjwa huohuo ulitangazwa wilayani Bukoba. Watu tisa waliugua na sita wakafariki.

Mzazi anayemkataza mtoto kuokotaokota vitu porini, basi, hakosei. Anakosea pale tu anapomweka ndege na popo kwenye kapu moja.

Watoto hupenda kuuliza popo ni nani hasa, maana anaruka lakini hafanani na kuku. Jibu ni kwamba popo ni mnyama. Hatagi mayai, huzaa na kunyonyesha, na bawa lake ni ngozi tupu. Virusi vya Marburg huishi ndani ya aina ya popo wala matunda bila wao kuugua, na popo hao hukaa kwa makundi makubwa mapangoni na kwenye mashimo ya machimbo. Mtu akishaambukizwa, huwaambukiza wengine kupitia damu, matapishi na majimaji mengine ya mwili. Ndege hawajulikani kueneza Marburg.

Kwa hiyo matembezi yanaruhusiwa, ila yana miiko yake. Hakuna kuingia pangoni wala kwenye shimo la machimbo, hata kama ndani kunasikika milio. Embe au pera lililoanguka likiwa limetafunwa halilambwi wala halimegwi upande uliobaki mzima. Ndege aliyekufa haguswi, kwa sababu ndege nao wana mafua yao ambayo mara chache humfikia binadamu. Na mkirudi, mikono ioshwe kwa sabuni kabla ya uji.

Ndiyo maana manati ibaki nyumbani. Mtoto akiangusha ndege, atamfuata, atamshika, na pengine atamchoma amle. Mtoto asiye na manati hubaki na kazi ya macho.

Wageni kutoka kaskazini

Oktoba na Novemba ndiyo miezi mizuri zaidi. Wakati Ngara na Biharamulo wanapokea mvua za vuli, Ulaya majani yanapukutika, baridi inaingia na wadudu wanatoweka. Ndege wanaokula wadudu hawana la kusubiri huko. Mbayuwayu mwenye uzito wa gramu 20 hivi, mwepesi kuliko yai la kuku, huvuka bahari na jangwa la Sahara na kufika kwetu. Wengine hupitiliza hadi Afrika Kusini. Mvua ikinyesha na kumbikumbi wakitoka, utawaona wakipishana chinichini juu ya mashamba. Ndege wala nyuki wa Ulaya nao hupita, na korongo weupe.

Hadithi ya korongo ni ya kumsimulia mtoto njiani. Zamani wasomi wa Ulaya walibishana ndege huenda wapi wakati wa baridi, na wapo walioamini kwamba mbayuwayu hulala ndani ya tope chini ya maziwa. Mwaka 1822, karibu na Klütz, Ujerumani, alionekana korongo mwenye mshale mrefu uliopenya shingoni. Mshale ulikuwa wa Afrika. Alikuwa amechomwa huku, akarudi kwao nao shingoni, na wasomi wakapata ushahidi. Huko aliuawa, akakaushwa, na mpaka leo yuko Chuo Kikuu cha Rostock.

Nani atakayeonekana hutegemea mnakopita. Kwenye mabonde yenye mafunjo, tazama korongo taji, yule mwenye kishungi cha dhahabu aliye kwenye bendera ya Uganda. Ndege huyu yumo katika orodha ya walio hatarini kutoweka duniani. Ng'ambo ya mto Kagera, nchini Rwanda, watu walikuwa wakiwafuga majumbani na hotelini kama pambo, na tangu 2014 mradi wa daktari wa mifugo Olivier Nsengimana umekuwa ukiwakusanya na kuwarudisha porini, wengi wao katika Hifadhi ya Akagera. Mkiwaona wawili wakichezeana kwa kurukaruka, msiwasogelee.

Upande wa Biharamulo kuna Hifadhi ya Taifa Burigi-Chato, iliyoanzishwa 2019 kwa kuunganisha mapori ya akiba ya Biharamulo, Burigi na Kimisi. Humo hamwingii kwa miguu bila askari wa hifadhi; kuna nyati, na kiboko kwenye ziwa Burigi. Familia isiyo na safari ya hifadhini inatosheka na njia za mashambani.

Jirani na mapori hayo kuna mbung'o, wanaoeneza malale. Wanavutwa na rangi ya bluu na nyeusi, hivyo sare yenye sweta la bluu haifai kwa matembezi. Mvalishe mtoto suruali ndefu na shati la mikono mirefu la rangi ya khaki au ya udongo. Asioge wala kuchezea maji ya bwawa, kuepuka kichocho. Na mtoto akipata homa siku zozote baadaye, apelekwe kituo cha afya akapimwe malaria, na mhudumu aelezwe alikopita. Namba 199 ya Wizara ya Afya hupigwa bure.

Faida kwa macho ya mtoto nayo imepimwa. Huko Guangzhou, China, watoto wa darasa la kwanza katika nusu ya shule 12 waliongezewa dakika 40 za kukaa nje kila siku ya shule. Baada ya miaka mitatu, asilimia 30.4 yao walikuwa wamepata tatizo la kutoona mbali, dhidi ya asilimia 39.5 ya wenzao. Darubini haihitajiki. Simu ya mzazi pia inaweza kubaki mfukoni.

Kinachofaa kubebwa ni daftari na penseli. Mtoto aandike tarehe aliyowaona mbayuwayu wa kwanza kwenye nyaya za umeme, halafu ifikapo Aprili aandike siku nyaya zilipobaki tupu.