Kilo za Kutoa na Kilo za Kuacha

Mwishoni mwa 2021 Mazda ilitangaza nchini Japani toleo jipya la gari lake dogo la michezo lenye paa la turubai, Roadster, ambalo nje ya Japani linajulikana zaidi kwa jina la MX-5. Toleo hilo liliitwa 990S. Namba hiyo haihusiani na injini wala kasi. Ni uzito wa gari kwa kilo. Injini ilibaki ya lita 1.5 na nguvu za farasi 132, kiasi ambacho siku hizi hata gari la kupelekea watoto shule linacho. Kilichobadilika ni rimu, zikawekwa nyepesi za kufuliwa kutoka Rays, breki za mbele zikawa za Brembo, na springi na shokapu zikarekebishwa upya. Stabilaiza ya nyuma, ambayo matoleo ya juu huwa nayo, haikuwekwa. Kwa maneno mengine, mnunuzi aliombwa atoe pesa ili apate vitu vichache zaidi, na wapo waliofurahi kufanya hivyo.

Hawakuwa wajinga. Tuchukue Roadster ya kwanza, ile iliyozinduliwa Chicago Februari 1989. Toleo lake la Japani lilikuwa na kilo 940 hivi na injini ya lita 1.6 yenye nguvu za farasi 120. Ukilitoa kilo 50, linachomoka kama gari ambalo injini yake imeongezewa farasi sita au saba. Farasi hao ungeweza kuwapata kwa eksozi nyingine na kazi kidogo ya fundi wa injini, lakini wangekufaa pale tu mguu unapokuwa kwenye mafuta. Kilo 50 zilizoondoka zinakufaa unapokanyaga mafuta, zinakufaa unapokanyaga breki, na zinakufaa zaidi kwenye kona. Sehemu pekee ambayo hutaona tofauti ya maana ni kwenye kasi ya mwisho kabisa, kwa sababu huko adui ni upepo, na upepo haujali gari lina kilo ngapi.

Kuhusu kona, aliyesoma fizikia ya sekondari ana haki ya kupinga. Si tulifundishwa kwamba msuguano huongezeka sawasawa na uzito? Gari zito linakandamiza matairi zaidi, matairi yanashika zaidi, kwa hiyo zito na jepesi yanapaswa kukata kona kwa kasi ileile. Kwenye daftari ni kweli. Mpira, hata hivyo, haufuati daftari. Ukilibebesha tairi mzigo mara mbili, mshiko wake unaongezeka, lakini haufiki mara mbili. Kila kilo ya ziada inaleta mshiko kidogo kuliko kilo iliyotangulia, ilhali kazi ya kuigeuza kilo hiyo kwenye kona haipungui. Ndiyo maana gari jepesi lenye matairi membamba linaweza kulisumbua gari lenye nguvu maradufu kwenye barabara ya milimani, kisha likaachwa vumbi mara tu barabara inaponyooka.

Wepesi una tabia nyingine nzuri: unazaa. Gari likiwa jepesi, breki ndogo zinatosha. Breki ndogo zinaingia kwenye rimu ndogo, rimu ndogo zinahitaji matairi madogo, na vyote hivyo vinaruhusu mikono ya sasipensheni iwe myembamba. Kizazi cha nne cha MX-5, kilichoonyeshwa 2014, kiliongozwa na mhandisi Nobuhiro Yamamoto na kikatoka na uzito pungufu kwa zaidi ya kilo 100 kuliko kizazi cha tatu. Boneti, mfuniko wa buti na mabawa ya mbele yalikuwa ya aluminiamu. Rimu, zilizokuwa zikifungwa kwa nati tano, zikarudi kwenye nati nne kama za 1989. Ukiishika nati moja mkononi utacheka, maana haina uzito wa kuzungumzia, lakini pamoja nayo limepungua tundu, nyama ya rimu kulizunguka tundu hilo, na nyama ya habu inayolibeba. Kwenye kizazi cha tatu, chini ya Takao Kijima, wahandisi wa Mazda kule Hiroshima walikwishafikia hatua ya kuchonga upya kioo cha kutazamia nyuma ili waokoe gramu zisizofika hata mia moja. Wakati huo niliona kama ni mbwembwe za matangazo. Sasa naona ndiyo njia pekee iliyobaki kwa gari ambalo halina tena kitu kikubwa cha kutoa.

Kabla ya yeyote kufungua sanduku la spana, kuna jambo linalolitofautisha gari la wazi na magari mengine. Chukua boksi la viatu, lifunike, kisha jaribu kulipinda. Ondoa mfuniko, jaribu tena. Paa la gari la kawaida ndiyo mfuniko huo: si la kuzuia mvua tu, linafunga mifupa ya bodi pamoja. Gari lisilo na paa la chuma linapopita kwenye shimo kwa gurudumu moja, bodi yake hutaka kujikunja kama nguo inayokamuliwa, na bodi ikijikunja, magurudumu hayasimami tena kwa pembe alizokusudia mhandisi. Ndiyo maana kampuni inayokata paa la gari lililozaliwa nalo hulazimika kunenepesha vizingiti vya milango, kuimarisha nguzo za kioo cha mbele na kuongeza vyuma vya kukingama chini ya sakafu. Mwishowe gari la wazi, ambalo kwa macho limepunguziwa kitu, linakuwa zito kuliko ndugu yake mwenye paa.

Kuna njia mbili za kuukwepa mtego huo. Ya kwanza ni ya Mazda, na kabla yake Lotus Elan ya 1962: gari linachorwa bila paa tangu siku ya kwanza, na nguvu ya kulikaza inatafutwa chini, katikati. Elan ilikuwa na uti wa mgongo wa chuma uliopita kati ya siti mbili, na bodi ya faibaglasi juu yake. MX-5 ina fremu ya aluminiamu inayounganisha giaboksi na difu, hivyo mtambo mzima kutoka mbele hadi nyuma unatenda kama kipande kimoja. Njia ya pili inataka pesa. McLaren 12C Spider ya 2012 iliongezeka kilo 40 tu juu ya ile yenye paa, na kilo hizo ni za paa linalokunjwa na mitambo yake, kwa kuwa beseni la kaboni ambalo abiria wanakaa ndani yake lilikuwa gumu vya kutosha bila msaada wa paa.

Kwa anayetaka kujua kilo zimejificha wapi, hakuna somo zuri kama Porsche Boxster Spyder iliyotoka kwa mwaka wa 2010. Iliteremshwa hadi kilo 1,275, pungufu kwa kilo 80 kuliko Boxster S. Paa la umeme liliondolewa, likawekwa turubai la kufunga kwa mikono, kilo 21 zikaondoka. Milango ya aluminiamu ilitoa 15, siti za kaboni 12. Kiyoyozi hakikuwekwa, kilo 13, na redio nayo ikaachwa, kilo 6. Anayevitaka aliweza kuviagiza. Tangi la mafuta lilifanywa dogo, kilo 7. Mishikio ya ndani ya milango ikawa mikanda ya kitambaa, ambayo nashuku iliwekwa zaidi kwa ajili ya wapiga picha. Ukiisoma hesabu hiyo kwa makini utaona kwamba paa limeongoza, na ndivyo inavyopaswa. Mota, bawaba na vyuma vya paa la umeme ni vizito, na vinakaa juu, mahali pabaya kuliko pote. Kwangu mimi, gari la michezo la wazi lenye paa la umeme limekwishakubali kushindwa. Kuhusu kiyoyozi sina ukali huo. Mtu wa Dar es Salaam au Mombasa anayeking'oa ili aokoe kilo 13 atazijutia kwenye foleni ya kwanza ya mchana.

Mahali uzito ulipo ni muhimu karibu sawa na wingi wake. Gari linapogeuka huzunguka katikati yake, na ugumu wa kulizungusha hukua kwa mraba wa umbali: kilo 10 zilizo mita mbili kutoka katikati zinapinga mzunguko sawa na kilo 40 zilizo mita moja. Tairi la spea, jeki na makorokoro ya buti yako mwisho kabisa wa gari, na kuyatoa hakugharimu senti. Betri ya MX-5 ya kwanza nayo iko kwenye buti. Ukiweka ya lithiamu unaokoa kilo kadhaa, ilimradi mfumo wa kuchaji wa gari lako unaelewana nayo. Mafuta je? Tangi la lita 45 likijaa lina kilo 33 hivi. Anayekwenda kwenye siku ya mbio na tangi lililojaa, huku amelipia boneti ya kaboni, ana matatizo ya hesabu.

Kwenye magurudumu gereji zina hadithi nyingi. Utaambiwa kilo moja ya rimu ni sawa na kilo nne za bodi, wengine husema kumi. Fizikia haikubali. Kitu kinachoviringika kina kazi mbili, kwenda mbele na kuzunguka, na hata uzito wake wote ungekuwa kwenye ukingo wa nje, hesabu haizidi mara mbili. Faida kubwa ya rimu nyepesi iko kwingine. Gurudumu, tairi na breki havibebwi na springi. Vikiwa vizito, shokapu inashindwa kuvirudisha chini upesi baada ya tuta, na tairi lililo hewani halishiki barabara wala halifungi breki. Kwa sababu hiyo, pesa yangu ya kwanza ingekwenda kwenye rimu na matairi. Ningependa rimu ndogo kwa kipenyo kuliko kubwa ya bei mbaya: 990S inavaa inchi 16, na hakuna anayeilalamikia.

Yapo ambayo hayaguswi. Vyuma vya kukingama chini ya sakafu, fremu ya kioo cha mbele na nguzo za nyuma ya vichwa vinafanya kazi ya paa lisilokuwepo, na gari likipinduka ndivyo vinavyobaki kati yako na lami. Mifuko ya hewa ina vilipuzi na imefungamana na vihisi vya gari. Kuitoa kwa ajili ya kilo chache ni biashara mbovu kwa gari linaloendeshwa barabarani.

Kazi ikiisha, gari lipimwe tena kwenye mizani, kila gurudumu peke yake, dereva akiwa ameketi. Kilo nyingi zilizo rahisi kutoa ziko nyuma, na nyuma ikipungua sana magurudumu yake huanza kujifunga mapema chini ya breki kali, hasa kwenye magari ya zamani yasiyo na ABS. Bodi pia itakuwa imeinuka kwenye springi zake, hivyo alaimenti ya zamani haifai tena. Fundi atakayekurudishia funguo bila kuyapima hayo mawili hajamaliza kazi uliyomlipa.