Kijani cha Nyaramba si msitu

Mgeni afikaye Nyaramba, katika Kaunti ya Nyamira, hulakiwa na kijani kila atupapo jicho: majani chai mteremkoni, migomba nyuma ya nyumba, na mikaratusi iliyosimama wima kama askari wa gwaride. Hapana ajabu basi kwamba wanafunzi wetu, waulizwapo msitu u wapi, huonyesha kidole dirishani. Wanachoonyesha, kwa kweli, ni shamba la kuni.

Mwalimu awezaye kupata basi na awapeleke Kakamega. Huko watakuta mabaki ya msitu wa mvua ulio na undugu na ile ya Kongo: miti ya kila rika imebanana, mbega wanaruka juu, na chini kuna udongo mweusi wa majani yaliyooza, unaonyonya mvua na kuiachilia polepole. Chini ya mikaratusi, mara nyingi hata nyasi hazistawi.

Mti huu asili yake ni Australia. Uliletwa nchini mwanzoni mwa karne ya 20 ili kupata kuni za gari la moshi. Hukua upesi, na ukikatwa huchipuka tena. Mwenye nusu ekari huufanya benki yake, na nani atamlaumu? Karo ya wasomaji wengi wa ukurasa huu ilitoka katika magogo yayo hayo. Tatizo ni pale unapopandwa: penye chemchemi na kandokando ya vijito, kwa kuwa ardhi ya majimaji haifai kwa chai. Nao ni mti wenye kiu kubwa. Mwaka 2009 Waziri wa Mazingira wa wakati huo, marehemu John Michuki, aliagiza mikaratusi iondolewe kando ya mito. Agizo lilisikika, mashoka hayakusikika sana.

Wapo wajifarijio kwamba maji yetu yatatoka Mau. Ni kweli Mto Sondu, upitao Magwagwa, huanzia huko. Lakini mwaka 2001 serikali ilimega zaidi ya hekta 60,000 za msitu huo, na wakazi wa Nyamira hawakuwa na la kusema. Juu ya chemchemi zilizo mashambani mwetu, tunalo la kusema.

Ningependa shule zianze, kwani nazo ni washiriki: jikoni mwa shule za bweni, kama ilivyo katika viwanda vya chai, huteketezwa kuni kwa malori. Mikaratusi na ihamie vilimani. Mabondeni irudi mikuyu na ule mti Wagusii wauitao omotembe. Na kabla ya kuwaagiza wanafunzi waje kila mmoja na mche wake, mwalimu mkuu aulize ni mche wa mti gani, na utapandwa wapi. Mara nyingi jibu la swali la kwanza ni mkaratusi, na la pili ni kisimani.