Nani Kakuambia Kuna Maandazi?



Umejilaza mkekani, macho umeyafumba. Karai hujaliona, wala mafuta hujayasikia. Mara unaruka: "Mama, maandazi!" Nani kakuambia?

Iliki imekuja yenyewe kukuambia. Kitu kinaponukia, chembe zake ndogo mno, ambazo jicho halizioni, huchomoka na kuruka hewani. Joto huzirusha kwa wingi. Ndiyo maana andazi la moto hunukia mpaka kwa jirani, na la jana limenyamaza sahanini.

Ukivuta pumzi, chembe zinaingia puani. Juu kabisa huko ndani, karibu na usawa wa macho, kuna mahali penye ute. Zikinasa hapo zinakutana na mabawabu wa aina kama 400, kila aina na chembe inazozitambua. Wao hupeleka habari kwenye ubongo, nao ubongo unasema: iliki! (Naam, na choo kikinuka, chembe zake nazo zimo puani mwako. Samahani, ndivyo ilivyo.)

Jaribu hili. Fumba macho, bana pua, kisha mwenzako akutilie mdomoni pipi ya matunda. Ulimi utasema "tamu", basi. Achia pua: kumbe chungwa! Harufu ilipanda kupitia nyuma ya koo. Ndiyo sababu ukiwa na mafua hata pilau haina ladha.

Sasa nikupeleke Morogoro. Huko hufundishwa panya buku, wakubwa karibu kama paka, macho yao hafifu lakini pua, lo! Mmoja aliitwa Magawa. Alifundishwa kunusa baruti, akapelekwa Kambodia, ambako mabomu ya vita vya zamani bado yamefukiwa ardhini. Mashine ya kutafutia mabomu hupiga kelele hata kwa msumari wenye kutu. Magawa msumari aliupita tu, yeye alitafuta baruti. Alikuwa na uzito wa kilo 1.2, mwepesi kiasi kwamba bomu halikulipuka alipopita juu yake.

Aligundua mabomu zaidi ya 100, na mwaka 2020 alitunukiwa medali ya dhahabu kutoka Uingereza. Lakini medali hailiwi. Magawa akinasa harufu alikwangua ardhi kwa kucha, krr krr, kisha akangoja mshahara wake: kipande cha ndizi.