Kintinku na bei inayopangwa mbali

Tarehe 28 Aprili 2022 Indonesia, nchi inayoongoza duniani kwa mawese, ilipiga marufuku kuuza mafuta hayo nje ya mipaka yake. Vita vya Ukraine, nchi iliyokuwa mstari wa mbele kwa mafuta ya alizeti, vilikuwa na miezi miwili tu. Marufuku ya Jakarta haikudumu, iliondolewa Mei 23. Lakini Tanzania huagiza kutoka nje sehemu kubwa ya mafuta yake ya kula, na kabla ya hapo bei ya dumu la lita 20 ilikuwa imeshakuwa gumzo la kila jiko. Msimu ule, mkulima wa Kintinku aliyekuwa na magunia ya alizeti ndani alikuwa na mali.

Kintinku ipo wilaya ya Manyoni, mkoa wa Singida, kwenye bonde kavu la Ugogo linaloanzia upande wa Bahi. Ni mji mdogo wa reli na barabara. Mpunga hulimwa kwenye mbuga zinazotuama maji, mtama na uwele penye mchanga, na alizeti karibu kila mahali mvua inapokubali. Malori ya kwenda Rwanda, Burundi na Kongo hupita mchana na usiku. Anayetaka kuelewa soko huria na utandawazi vimemfanyia nini Mtanzania wa kawaida anaweza kuanzia hapa, kwa sababu biashara ya dunia imekuwa ikipita kwenye bonde hili kwa karibu miaka 200, kila zama kwa masharti yake.

Katika karne ya 19 masharti hayo waliyaweka Wagogo wenyewe. Misafara ya pembe za ndovu kati ya pwani na Unyanyembe, upande wa Tabora, ililazimika kukatiza Ugogo, na katika nchi ile kame hapakuwa na safari bila visima. Watemi wa Kigogo walitoza hongo, yaani ushuru wa njia, kwa kila msafara uliopita: vitambaa, shanga, nyaya za shaba. Kitambaa kilichopendwa kuliko vyote kilikuwa merikani, pamba iliyofumwa kwenye viwanda vya Massachusetts na kuletwa Unguja na wafanyabiashara wa Salem. Wasafiri wa Kizungu nao walipita Ugogo, Burton mwaka 1857 na Stanley mwaka 1871, na wote wawili walilalamika sana juu ya hongo katika maandishi yao. Malalamiko yao ni ushahidi mzuri: mwenye kisima ndiye aliyekuwa akipanga bei.

Mjerumani aliumaliza uwezo huo kwa boma na kwa reli. Boma lilikaa Kilimatinde, juu ya ukingo wa bonde, na reli ya kati, iliyoanza kujengwa Dar es Salaam mwaka 1905, ilifika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914. Garimoshi lilikuwa na matangi yake na ratiba yake. Halikumlipa mtemi yeyote.

Waingereza nao walikuja na jaribio lao. Mwaka 1946, Ulaya ikiwa na njaa ya mafuta baada ya vita, ofisa wa kampuni ya United Africa, tawi la Unilever, alipendekeza karanga zilimwe Tanganyika kwa matrekta. Mwaka uliofuata kazi ilianza Kongwa, katika Ugogo ileile, na baadaye Urambo na Nachingwea. Udongo wa Kongwa wakati wa kiangazi ulikuwa mgumu kiasi cha kuvunja majembe, mvua haikutosha, na alizeti iliyopandwa kusaidia karanga haikuokoa kitu. Mwaka 1951 London iliufuta mradi huo, ukiwa umemeza takriban pauni milioni 36. Kilichotakiwa Kongwa kilikuwa mafuta ya meza ya Mwingereza, na hakuna aliyemuuliza Mgogo anavyoisoma mvua ya kwao.

Baada ya Azimio la Arusha la 1967, dola ilichukua nafasi ya mnunuzi. Mkulima aliuza mazao kwa mashirika ya umma kwa bei iliyopangwa na serikali, na kwa mazao kama mahindi bei hiyo ilikuwa moja nchi nzima, uwe karibu na reli au mbali nayo. Kulikuwa na haki ndani ya mpango huo, hasa kwa wa pembezoni. Lakini mwishoni mwa miaka ya 1970 mambo yalikwama: bei ya petroli ilipanda, Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika mwaka 1977, Vita vya Kagera viligharimu fedha nyingi, na vyama vya ushirika vilikuwa vimefutwa mwaka 1976. Watu wazima wanakumbuka foleni za sukari na sabuni, na hati za malipo ambazo mkulima alipewa badala ya fedha taslimu. Ni kosa kuisimulia historia ya soko huria kana kwamba lilibisha hodi kwenye nyumba iliyoshiba.

Mlango ulianza kufunguliwa mwaka 1984, wenye fedha zao za kigeni waliporuhusiwa kuagiza bidhaa kutoka nje. Mwaka 1986, chini ya Rais Ali Hassan Mwinyi, Tanzania ilikubaliana na Shirika la Fedha la Kimataifa: shilingi ishushwe thamani, bei ziachwe kwa soko, mashirika ya umma yapunguzwe. Wananchi walimwita Mzee Ruksa. Sabuni zilirudi dukani. Gharama za matibabu na ada za shule zilirudi pia, na ada ya shule ya msingi haikufutwa hadi mwanzoni mwa miaka ya 2000.

Kwa Singida, zao la zama hizi ni alizeti. Inavumilia ukame, haidai mbolea nyingi, na inaweza kukamuliwa kijijini. Katikati ya miaka ya 1980 fundi wa Kimarekani, Carl Bielenberg, alibuni Arusha mashine ya kukamua kwa mkono, na mashine za aina hiyo zikaenea vijijini. Zikafuata za umeme na za dizeli, kisha viwanda vikubwa kama cha Mount Meru Millers mjini Singida. Leo msafiri wa barabara ya Singida hununua mafuta kwenye madumu yaliyopangwa kando ya lami, na mashudu, yaani makapi ya mbegu zilizokamuliwa, hulisha mifugo hapa nchini na Kenya. Yote hayo yamejengwa na wakulima wadogo, wenye mashine na wachuuzi, bila shirika la umma kuwasimamia. Anayesema soko huria halikuwapa watu wa Singida kitu hajawahi kusimama kwenye barabara hiyo.

Kasoro ipo mahali pengine. Mshindani wa alizeti ni mawese, na mchikichi hutoa mafuta mengi kwa ekari kuliko alizeti kwa kiasi kikubwa sana. Mawese ya Malaysia na Indonesia yanashuka bandarini Dar es Salaam yakiwa na bei ambayo mkamuaji wa Manyoni hawezi kuifikia. Kinachobaki kati yao ni ushuru wa forodha. Mwaka 2018 serikali iliupandisha hadi asilimia 25 kwa mafuta ghafi na asilimia 35 kwa yaliyosafishwa, na alizeti ikapata pumzi. Mwaka 2021 Singida, Dodoma na Simiyu zikatangazwa kuwa mikoa ya mkazo kwa alizeti, mbegu za ruzuku zikagawiwa, watu wakaongeza ekari. Kisha mafuta yakapanda duniani, wenye vipato vidogo mijini wakalia, na katika bajeti ya 2022/23 serikali ikalegeza ushuru ili kumpunguzia mlaji makali. Msimu wa 2023 bei ya alizeti ikaporomoka. Mkulima aliyeitikia wito wa kulima zaidi ndiye aliyeumia zaidi. Bajeti ya 2023/24 ikaupandisha ushuru tena.

Waziri wa Fedha wa wakati huo, Mwigulu Nchemba, ni mbunge kutoka Iramba, mkoa uleule wa Singida, kwa hiyo haiwezekani kusema Dodoma haikuijua alizeti. Tatizo ni kwamba mama wa Tandale, Dar es Salaam, anayekaanga maandazi na baba wa Kintinku anayepepeta alizeti wamewekwa pande mbili za mzani mmoja, na akiba ya kumlinda mmoja bila kumwangusha mwingine haipo. Maghala ya taifa huhifadhi mahindi. Mafuta hayahifadhiwi hivyo.

Walima mbaazi waliyaona hayo mapema. India ndiyo iliyokuwa mnunuzi wao mkuu, na Agosti 2017 ilipoweka kikomo cha tani 200,000 kwa mbaazi zote zinazoingia nchini mwake, bei mashambani Tanzania ilianguka ndani ya msimu mmoja. Hakuna mkulima wa mbaazi aliyepiga kura Delhi.

Soko likishuka, mkulima mdogo hushuka nalo mara mbili, kwa sababu kati yake na kiwanda yupo dalali. Dalali anajua bei ya leo Singida mjini, ana gari na ana fedha mkononi mwezi ambao ada ya sekondari au gharama za hospitali zinamkaba mkulima. Ndipo rumbesa inapoingia, lile gunia linaloshonewa kofia juu likazidi kilo 100 na kulipwa kama gunia moja. Sheria ya vipimo inaikataza, na bado ipo. Simu za mkononi, na M-Pesa iliyoanza nchini mwaka 2008, zimepunguza pengo la habari: mtu aliye Kintinku anaweza kumpigia ndugu yake Dodoma na kuuliza bei kabla ya kukubali. Kujua bei ni hatua, ila hakumpi mtu ghala la kusubiria bei nzuri. Stakabadhi ghalani, mfumo uliowekewa sheria mwaka 2005, ulikusudiwa kuziba pengo hilo, na unafanya kazi pale tu chama cha msingi cha ushirika kinapoaminika na malipo yanapofika kwa wakati.

Kama alizeti inaonyesha faida na hatari pamoja, reli inaonyesha ubinafsishaji uliokwenda vibaya kabisa. Vituo vya bonde hili viliishi kwa garimoshi. Treni ya Kigoma au Mwanza ikisimama, wanawake walikimbilia madirishani na kuku, mayai, wali na asali, na mapato ya dakika hizo yalilisha nyumba. Oktoba 2007 uendeshaji wa reli ya kati ulikabidhiwa kampuni mpya, TRL, ambamo kampuni ya RITES ya India ilishika asilimia 51 na serikali asilimia 49, kwa mkataba wa miaka 25. Mishahara ilizua migomo. Injini na mabehewa ya kukodi kutoka India yakawa mzozo. Mafuriko ya mwisho wa 2009 yalikata njia kati ya Kilosa na Gulwe, na abiria wa bara wakalazimika kuanzia safari Dodoma. Kufikia 2011 ubia ulikuwa umevunjika na reli imerudi mikononi mwa serikali, huku mzigo, uliozidi tani milioni moja kwa mwaka mwanzoni mwa miaka ya 2000, ukiwa umepungua hadi sehemu ndogo tu ya kiasi hicho. Mizigo ilihamia kwenye malori. Lori halisimami Kintinku dakika 20 kumngoja mama mwenye sufuria ya wali.

Sasa reli nyingine imelazwa bondeni. Kipande cha reli ya kisasa, SGR, kutoka Morogoro kinaishia Makutupora, jirani kabisa na Kintinku, na treni za umeme zilianza kufika Dodoma Julai 2024. Mkandarasi ni Yapi Merkezi ya Uturuki, vichwa vya treni vimetoka Korea Kusini, na mkopo wa dola bilioni 1.46 wa mwaka 2020 uliratibiwa na Standard Chartered kwa dhamana za mashirika ya Sweden na Denmark. Ni utandawazi uliomiminwa kwenye zege. Tofauti na 2007, uendeshaji wa reli hii uko mikononi mwa umma, na deni ni la umma pia. Kwa vijiji vya bonde swali ni dogo na zito: je, kutakuwa na mahali pa kupakia magunia, au umeme utapita juu ya vichwa vya watu na treni itapita mbele ya macho yao?

Nguo zina hadithi yake. Merikani ilifuatwa na pamba ya viwanda vya taifa, kama Urafiki iliyojengwa kwa msaada wa China na kufunguliwa mwaka 1968. Mlango ulipofunguliwa, mitumba iliingia na viwanda vingi vya nguo vikafunga. Mwaka 2016 nchi za Afrika Mashariki zilikubaliana kuiondoa mitumba ifikapo 2019. Marekani ikatishia kuzinyima nafuu ya AGOA, ya kuuza bidhaa Marekani bila ushuru. Tanzania, Kenya na Uganda zilirudi nyuma, Rwanda ikakataa, na mwaka 2018 ikasimamishiwa nafuu hiyo kwa mavazi. Mnadani, watu wa kawaida wanashukuru shati la bei nafuu, na wana haki. Fundi cherehani naye ana haki ya kulalamika.

Katika utamaduni mizani haielemei upande mmoja. Hukwe Zawose, Mgogo aliyezaliwa mwaka 1938 na kufariki mwaka 2003, alizipeleka ala za zeze na ilimba kwenye majukwaa ya tamasha la WOMAD na kurekodi na lebo ya Real World ya Peter Gabriel. Mlango ule ule ulileta redio na televisheni binafsi mwaka 1994, baada ya miaka mingi ya Redio Tanzania peke yake, na vijana wa Ugogo wakaanza kukua na Bongo Fleva masikioni. Ngoma ya muheme ya wanawake haijanyamaza. Tamasha la muziki wa Cigogo hufanyika Chamwino, na vikundi vya vijijini hupanda jukwaani. Hata hivyo zeze linalopigiwa makofi London linahitaji kijana wa kulichonga kijijini, na kijana huyo anahesabu kama kazi hiyo italipa kuliko bodaboda.

Zipo hatua ambazo Tanzania inaweza kuzichukua. Moja inahusu kalenda. Alizeti ya Singida hupandwa mvua zikishika, Desemba na Januari, na huvunwa kuanzia Mei. Viwango vya ushuru vinavyotofautiana na vile vya Jumuiya ya Afrika Mashariki huombwa kwa mwaka mmoja mmoja, hutangazwa kwenye hotuba ya bajeti katikati ya Juni na kuanza Julai 1. Mkulima wa Kintinku anatia mbegu ardhini miezi sita kabla ya kujua mawese yatatozwa kiasi gani atakapopeleka gunia lake sokoni. Ushuru ukitangazwa kwa miaka mitatu au minne mfululizo, yeye na mwenye kiwanda watakuwa na cha kuhesabia kabla ya mvua ya kwanza.